Kaseti Moja, Gemu Kibao: Kila Kitu Unafaa Kujua Kuhusu Gemu za Ndege za Kijapani

Kama ulikua kwa keja yenye TV ya mgongo, unazijua hizi gemu hata kama hujui jina lake. Ndege yako iko chini ya skrini, maadui wanashuka kutoka juu, kidole kiko kwa B hadi kinauma. Sisi tuliziita tu "ile ya ndege". Wajapani nao wanaziita shooting, na ni moja ya vitu walipea dunia mzima kabla PlayStation izaliwe.

Sai zimerudi kwa fujo. Kampuni za Japan zinazipanga tano, sita, nane kwa kaseti moja au CD moja na kukuuzia upya. Lakini kabla utoe doh yako, kuna vitu unafaa kucheki, haswa kama hauko Nairobi. Msee wa Hadado, kule Wajir West, ako na hesabu tofauti na msee wa Kilimani: stima, bando, joto na vumbi. So hii hapa ni story yote, kutoka mwanzo, na mwisho tunabonga ununue nini.

ZILIANZIA WAPI?

Zilianzia kwa zile mashine kubwa za kusimama, unazilisha sarafu ndio ucheze. Huko Japan ilikuwa sarafu ya yen 100. Mwaka wa 1978 kampuni ya Taito ilitoa Space Invaders, iliyoundwa na Tomohiro Nishikado. Unakumbuka vile wale maadui huanza polepole, halafu wakibaki wachache wanakimbia kama wamemwagiwa maji moto? Hiyo haikupangwa. Prosesa ya hiyo mashine ilikuwa inalemewa kuchora maadui wengi. Ukiwaua, kazi inapungua, na waliobaki wanaongeza spidi. Nishikado akaona inabamba, akaiacha hivyo.

Hapo ndipo sheria ya hizi gemu ilizaliwa: mashine ilitaka kukumaliza haraka ndio uongeze sarafu. Ndio maana hadi leo hizi gemu ni ngumu vibaya. Hazikuundiwa mtu wa kukaa kwa kochi. Ziliundwa zikule pesa.

ZILIINGIAJE KWA NYUMBA?

Tarehe 15 Julai 1983, Nintendo ilitoa Famicom huko Japan kwa yen 14,800. Hii ndiyo mashine ya nyumbani iliyobeba gemu za sarafu hadi kwa sebule. Kaseti zake zilikuwa na pini 60. Baadaye makampuni ya Taiwan na China yakaanza kutengeneza mashine zao zinazosoma kaseti hizo hizo, bila ruhusa ya Nintendo, na zikaenda kila pahali ambapo Nintendo yenyewe haikujisumbua kufika. Afrika Mashariki ikiwemo.

Hapa kwetu, njia ya hizo bidhaa inapita kwa jina ambalo kila mtu wa North Eastern analijua. Baada ya vita kulipuka Somalia mwaka wa 1991, wafanyabiashara Wasomali waligeuza lodging moja ya Eastleigh kuwa maduka, chumba kwa chumba. Ilikuwa inaitwa Garissa Lodge. Nguo na vitu vya umeme kutoka Dubai vilijaa pale, kwa bei ambayo maduka ya tao hayangeweza kushindana nayo. Eastleigh ya malls unayoijua leo ilianzia kwa hivyo vyumba. Mashine za Kichina za TV game na kaseti zao za rangi ya manjano zilikuwa watoto wa biashara ya aina hiyo: mzigo wa bei rahisi, unatoka mbali, unauzwa bila risiti ndefu.

NDANI YA KASETI KULIKUWA NA NINI?

Hizi ndizo kali zilizokuwa zinarudi kwa kaseti baada ya kaseti. Soma polepole, utajikuta umesema "kumbe!"

Galaxian, Namco, 1979. Maadui wa rangi rangi wanaotoka kwa laini na kukurukia.

Galaga, Namco, 1981. Kaka mdogo wa Galaxian, na ndiyo inajulikana zaidi. Bosi wa juu anashusha mwangaza na kunyakua ndege yako. Ukiwa na moyo, unamwachia akunyakue makusudi, halafu unampiga akiwa anashuka na ndege yako inarudi. Sai unarusha risasi mbili mbili. Shida ni moja: umekuwa mpana mara mbili, so kukupiga imekuwa rahisi.

Xevious, Namco, 1983, ya Masanobu Endo. Hapa ardhi inasonga chini yako. Una silaha mbili: risasi za vitu vinavyoruka, na bomu la vitu vilivyo chini. Kuna majengo yaliyojificha, na wasee wa Japan walikuwa wanapeana siri zake mdomo kwa mdomo.

Exerion, Jaleco, 1983. Ile ya ndege inayoteleza. Ukiacha padi, ndege haisimami hapo hapo, inaendelea kidogo kama gari kwa matope.

1942, Capcom, 1984, ya Yoshiki Okamoto. Hii ni ya kuchekesha ukiifikiria: Wajapani walitengeneza gemu ambayo wewe ni rubani wa Marekani unaangusha ndege za Japan. Ina leveli 32 na hesabu inarudi nyuma. Ukibanwa, unapiga pinduzi moja na risasi zinapita chini yako.

Star Force, Tehkan, 1984. Spidi tupu. Hudson waliileta kwa Famicom, na mfanyakazi wao Toshiyuki Takahashi akawa staa wa watoi Japan nzima kwa kubonyeza batani mara 16 kwa sekunde moja. Bila mashine ya kumsaidia, kidole tu.

TwinBee, Konami, 1985. Ya rangi za watoto, lakini usidanganyike. Unapiga mawingu, kengele inatoka, unaipiga tena na tena hadi ibadilishe rangi, na kila rangi ni nguvu tofauti. Ukiipiga sana unaiharibu.

Gradius, Konami, 1985. Mzee wa kazi. Inaenda upande kwa upande, si juu. Hapa unaokota vidonge na kuamua mwenyewe ununue nini: spidi, kombora, leza, au vile vimipira vinavyokufuata vikirusha risasi pamoja nawe. Ukikufa unapoteza kila kitu. Kila kitu! Ndio maana wasee wengi waliwasha, wakafa mara moja, wakazima.

Na ile kodi maarufu ya juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A? Ilianzia kwa Gradius ya Famicom mwaka wa 1986. Kazuhisa Hashimoto wa Konami ndiye alikuwa anaihamisha kutoka mashine ya sarafu, na ilikuwa inamshinda akiijaribu. Akajiwekea njia ya mkato ya kupata silaha zote. Contra ikakuja kuitumia kukupa maisha 30, na ndiyo hiyo mtaa wote uliijua. Hashimoto aliaga mwaka wa 2020.

MBONA "9999 IN 1" NI UONGO?

Sasa tufike kwa uchungu. Ulilipia gemu elfu tisa, ukapata ngapi? Mara nyingi chache tu. Zingine zote ni zile zile: Galaga kwa jina lingine, Galaga inayoanza leveli ya tano, Galaga yenye maisha zaidi. Namba ilikuwa ya stika.

Na kuna sababu ni zile zile zilikuwa zinarudi. Galaga ya Famicom ni kama kilobaiti 24 pekee. Gradius ni 64. Picha moja tu ya WhatsApp kwa simu yako ni kubwa kuliko hizo zote mbili zikiunganishwa. Gemu ndogo za miaka ya kwanza hazikuhitaji chipu za ziada ndani ya kaseti, so ilikuwa rahisi kuzirundika pamoja na kuweka menyu mbele. Gemu kubwa za baadaye zilihitaji chipu ghali. Ndio maana kaseti yenye namba kubwa ilikuwa na vitu vya zamani, na kaseti yenye gemu nne pekee mara nyingi ilikuwa noma zaidi. Wauzaji hawakukwambia.

Kitu kingine walikufichia: spidi. TV za Kenya zilikuwa za PAL, picha 50 kwa sekunde. Za Japan zilikuwa 60. Gemu iliyopangiwa 60 ikiendeshwa kwa mashine ya 50 inapunguza mwendo, karibu sehemu moja kwa sita. Muziki unaburuta, risasi zinachelewa. So kama ulikuwa mkali wa Galaga ukiwa mtoi, jaribu ile ya Japan ujue hujui.

Na ile bunduki ya plastiki iliyokuja na mashine? Hiyo ni stori tofauti, ya kuwinda bata. Inafanya kazi kwa TV ya mgongo pekee, juu inasoma vile skrini inawaka na kuzima. Kwa TV flati ni mapambo.

KUTOKA KASETI HADI CD

PlayStation ilipotoka Japan Desemba 1994, nafasi haikuwa shida tena. Makampuni yenyewe yakaanza kupanga gemu zao kihalali. Hizi ndizo za kukumbuka:

Namco Museum, kuanzia 1995. CD ya kwanza ina Galaga, ya pili ina Xevious, ya tatu ina Galaxian.

The Raiden Project, 1995. Raiden na Raiden II za Seibu Kaihatsu kwa CD moja. Unaweza kugeuza picha iwe wima, ulaze TV kwa ubavu, na ucheze kama kwa mashine yenyewe. TV ya mgongo usiilaze, itakuharibikia rangi.

Gradius Deluxe Pack, 1996, ya Japan pekee. Gradius ya kwanza na ya pili.

Gradius III and IV, PS2, 2000. Mbili kwa CD moja.

Gradius Collection, PSP, 2006. Tano kwa CD moja ndogo. Kwa maoni yetu, hii ni kati ya kali zaidi zilizowahi kutoka, na inaingia kwa mfuko wa suruali.

Chunga hapa: CD halisi ya PlayStation ya kwanza kutoka Japan haitasoma kwa mashine ya kawaida ya PAL. PSP haina hiyo noma. Gemu zake zinasoma popote.

ZA SAI NI GANI?

Psikyo Shooting Stars Alpha, Switch, 2020. Gemu sita, zikiwemo Strikers 1945 zote tatu. Ndugu yake ni Bravo, yenye Gunbird na Samurai Aces. Risasi za Psikyo ni za spidi, hazikupei nafasi ya kufikiria.

Konami Arcade Classics Anniversary Collection, 2019. Nane, zikiwemo TwinBee na Scramble ya 1981. Usishtuke ukiona jina Nemesis, hiyo ni Gradius. Nje ya Japan ilikuwa inaitwa hivyo.

Capcom Arcade Stadium, 2021. Ina familia ya 1942, lakini ni ya kudaunilodi.

Gradius Origins, Agosti 2025, ya Switch, PS5, Xbox na kompyuta. Studio ya M2 ndiyo ilipiga hii kazi. Ina Gradius tatu, Salamander na jamaa zake, na juu ya hapo wakaongeza Salamander III, gemu mpya kabisa. Ukikufa unaweza kurudisha nyuma kama video na ujaribu tena. Hii ndiyo dawa ya wale walikufa mara moja wakazima.

SASA, KAMA UKO HADADO?

Hapa ndipo hesabu inabadilika. Mji wa Wajir kwa miaka mingi umetegemea stesheni yake wa dizeli, na vijiji vingi vya huko vinaishi kwa sola. Garissa kuna uwanja wa sola wa megawati 50 uliozinduliwa Desemba 2019, lakini hizo waya hazifiki kila boma. So uliza maswali matatu kabla ununue.

La kwanza: inakula stima ngapi? PS5 ikicheza gemu kubwa inaweza kufika wati 200 hivi, na hujaweka TV. Kwa betri ya sola ya nyumbani, hiyo ni kujiumiza. Switch ya kawaida ya 2019 inakaa kati ya saa nne na nusu na tisa ikiwa mkononi, bila TV kabisa. Unachaji mchana jua likiwa kali, usiku unacheza. PSP ya mtumba pia iko poa, ila betri za zamani zimechoka, so cheki kama imefura kabla ulipe.

La pili: gemu iko ndani, ama iko kwa intaneti? Hili ndilo linaumiza watu. Maboksi mengine ya Switch yana karatasi ya kodi tu, kaseti hakuna. Mengine yana nusu ya gemu, nusu unadaunilodi. Na kwa Switch 2, iliyotoka Juni 2025, kuna kaseti ambazo ni funguo pekee. Gemu yenyewe haimo. Soma mbele ya boksi. Ukiona imeandikwa unahitaji intaneti, na unaishi pahali bando inaisha kwa video mbili, rudisha. Msee wa Nairobi ataona ni usumbufu kidogo. Kwa msee wa Hadado, hiyo ni boksi tupu.

La tatu: itasoma? Kaseti za Switch hazina mipaka ya nchi. Kama uko na binamu Dubai au Minneapolis, anaweza kukununulia huko na isome hapa bila stori.

Na utunzaji: usipulizie kaseti mdomo. Najua sote tulifanya. Mate yanaleta kutu kwa pini. Chukua pamba, weka spirit kidogo, pangusa, ngoja ikauke. Ukimaliza, funika mashine na kitambaa juu vumbi la huko halicheki na mtu, na usiiache ndani ya gari au chini ya mabati saa saba mchana.

HIZI GEMU ZINAWEZA LETA DOH?

Base nyingi zinaishi kwa mpira. Mpira unataka padi mbili na watu wawili wanaotoshana. Gemu ya ndege inataka padi moja na pointi. Hata mtu akija peke yake anacheza, na ubao wa pointi kwa ukuta unamngoja mwingine.

Sheria ni rahisi: krediti moja, hakuna kuendelea. Kwa nyumba unaweza kuendelea mara mia na ufike mwisho bila kujua chochote. Wakali wa Japan wanahesabu ile ya krediti moja pekee. Ukiweka sheria hiyo kwa base, raundi inakuwa fupi, foleni inasonga, na kila mtu anaona ni nani anajua.

Na ukitaka kukaa muda mrefu, shika haya matatu. Usiangalie ndege yako, angalia juu yake kidogo, pale risasi zinatoka. Usikimbie kwa kona, kona ni kaburi. Na kwa zile gemu za baadaye zenye mvua ya risasi, ambazo Wajapani wanaziita danmaku, yaani pazia la risasi, sehemu inayokuua ni ndogo sana katikati ya ndege. Mabawa yakiguswa mara nyingi hufi. Pita katikati, usiogope.

MAJINA YALIYOFUTWA

Kwa zile kaseti za manjano, mara nyingi jina la kampuni lilikuwa limefutwa kwa skrini ya kwanza. Ulicheza Galaga miaka mitano bila kuona neno Namco. Nishikado, Endo, Okamoto, Hashimoto: kwetu hao walikuwa hewa tu, na hakuna aliyepata hata ndururu kutoka kwa hizo kaseti. Mikusanyo ya siku hizi inarudisha majina hayo kwa skrini.

Lakini pia ni ukweli kwamba bila kaseti ya wizi, gemu hizi hazingefika mitaa yetu kabisa. Hakuna duka la Nintendo lililofunguliwa Wajir. Kampuni zimeanza kuuza upya kile tulikua nacho, na sasa zinaelekea kukificha nyuma ya intaneti. So kigezo ni kimoja tu, na kinafanya kazi kwa kaseti ya 1990 na ya 2025: zima data, chomeka, washa. Gemu ikianza, umenunua gemu. Isipoanza, umenunua stika.